Mkono Uliobaki Begani

Mkasi wa Bimdogo ndio ulioleta balaa, ingawa mwenyewe mpaka Ijumaa ile alikuwa akiapa kwamba alikata kwa nia njema.

Bimdogo alikuwa mama mdogo wa Nadhir, na ndiye aliyeibeba posa ya kijana wake kutoka Maskati mpaka Ibra. Mahfoudha, mama yake Badriya, alipoomba picha ya mposaji ili watu wa nyumba wamtazame, Bimdogo hakumuuliza mwenye picha. Alifungua sanduku la Nadhir, akapekua, akatoa picha nzuri kuliko zote: kijana amevaa kizibao cheusi chenye vifungo vya fedha safu mbili, kisu ndani ya ala kimening'inia kiunoni, na uso umejaa furaha kama mtu aliyeota ameokota lulu akaamka nayo mkononi. Ila moja tu. Ubavuni pake alisimama mwanamke wa Kizungu.

"Nani anayepeleka halua pamoja na nzi wake?" Bimdogo alijisemea, akachukua mkasi.

Mkasi ulikwenda vizuri mpaka ulipofika begani. Mwanamke yule alikuwa ameuweka mkono wake juu ya bega la Nadhir, na huwezi kuuondoa mkono bila kuondoa bega, na mposaji hapelekwi bila bega. Bimdogo akauacha. Mkono ukabaki peke yake pale, mweupe, vidole vitano, na kifungo cha fedha kwenye mkono wa shati, hauna mwili wala mwenyewe.

Mkono ule ulifika Ibra kabla ya salamu. Ami Khelef, ambaye tangu kufa kwa baba yake Badriya ndiye walii wake mwenye kumwozesha, aliichukua picha akatoka nayo uani penye mwangaza. Aliigeuza, akaipima kwa kidole, akarudi kusema kwamba mkono ni wa kike, na kwamba kwake yeye afadhali mwanamke asiye na mkono kuliko mkono usio na mwanamke. Akatuma ujumbe Maskati, ambako Nadhir alikuwa na kazi ya mwezi mzima. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: Ijumaa aje, na alete kipande cha mwanamke kilichobaki.

Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo, mwaka wa sabini na tisa, na saa zilikuwa zimehesabiwa. Baada ya sala ya alasiri watu wa Musallam wangefika kutoka Sinaw kuchukua jibu lao. Musallam alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi na ngamia, mgane, mtu mwema asiye na baya hata moja. Badriya alikuwa amemwona mara tatu na katika mara zote tatu Musallam alisema hali ya hewa ni joto. Ami Khelef aliliweka jambo wazi: Nadhir akijisafisha kabla ya alasiri, karibu. Asipojisafisha, Musallam.

Badriya alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa hesabu katika skuli ya wasichana, na hesabu hii hakuipenda. Alikaa nyuma ya pazia la majlis, chumba cha wageni, mama yake kulia, Bimdogo kushoto na bangili zake ameziminya zisilie. Palikuwa na upenyo mdogo baina ya pazia na ukuta, na kwa upenyo huo Badriya alimwona Nadhir akiingia. Kanzu ya dishdasha imenyooka, bahasha mkononi, macho yamechoka. Ndani ya kifua chake kitu kikampiga vile vile kilivyompiga miezi minane nyuma.

Siku ile Nadhir alikuja skuli kutengeneza umeme. Alipanda ngazi juu ya ubao, akaanza kupiga mbinja wimbo ambao mapigo yake yalikuwa matatu lakini hayakulingana, moja refu, moja la wastani, moja limekatwa, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Badriya alimwambia kwamba wanafunzi wanashindwa kuhesabu. Nadhir aliomba radhi, akashuka, akamtazama mara moja tu. Wiki nzima baadaye Badriya alisahihisha madaftari ya watoto kwa mapigo yale yale, mguu mmoja umevaa, mmoja peku, na alipokuja kushtuka alikuwa ameshapenda.

"Salaam alaykum," alisema Nadhir. "Shikamoo, ami."

"Marahaba. Umemleta?"

Nadhir akatoa kile kipande. Ami Khelef alikaa zamani miaka tisa Unguja akiuza nguo, Kiswahili chake kilikuwa kizima, lakini jambo zito lilipofika alinyamaza kwa Kiarabu. Aliviunganisha vipande viwili juu ya zulia, pembeni ya sinia la tende, akainama. Mwanamke akapata mkono wake. Na kifua cha mwanamke yule kilikuwa kimefunikwa fedha: kidani cha shingoni, na bizimu za duara zenye majani madogo madogo ya fedha yanayoning'inia, na mkanda wa fedha, juu ya kizibao chekundu kilichodariziwa mpaka hakikubaki kitambaa.

Sasa, katika nchi yote ya Sharqiyah, mwanamke anabebeshwa fedha kiasi hicho siku moja tu katika umri wake. Na mwanamume anayesimama karibu yake siku hiyo, kisu kiunoni, vifungo vinang'aa, anacheka peke yake, hahitaji kuulizwa jina.

"Maarusi," alisema Ami Khelef taratibu.

Nadhir akaanza kueleza. Alieleza tangu mwanzo, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake, maana mtu mwenye haraka hapendi mwanzo. Alisema alipotoka Unguja akiwa na miaka kumi na saba aliingia kwenye meli ya Wanorwe, akipaka mafuta mashine, na meli ikamtua kwao, nchi ambayo wakati wa baridi mtu akipiga chafya inadondoka chini imeganda. Huko alisomea umeme, akapata kazi katika bonde moja la Telemaki. Na kila bonde, alisema, lina nguo yake, rangi yake na mshono wake. Watu huzivaa siku za sikukuu na siku za ngoma. Fedha ile ni urithi wa mabibi. Wazee wao walisema fedha huwalinda wasichana na viumbe wa chini ya ardhi wanaoiba watu milimani.

"Kumbe wana majini," alisema Ami Khelef, na kwa mara ya kwanza alionekana kupendezwa.

"Kila watu wana majini yao, ami."

Na kisu kile ni sehemu ya nguo, kama hanjari hapa. Na siku ile haikuwa harusi bali mashindano ya ngoma, waamuzi wamekaa mezani na kalamu zao, na yeye na yule mwanamke walitoka wa tatu. Nyuma ya pazia Bimdogo alinong'ona akitaka kujua wa tatu kati ya wangapi. Mahfoudha akamfinya.

Ami Khelef aliuliza mtoto wa Kiislamu alifikaje kwenye ngoma ya makafiri. Nadhir akasema alifika na bisibisi. Vijana wa bonde, nywele mpaka mabegani, walikuwa wameuchukua muziki wa babu zao wakautia gitaa la umeme na ngoma za kizungu, na vipaza sauti vyao vilikuwa vinaungua kila Jumamosi. Wakamwita yeye. Usiku mmoja, katikati ya wimbo, akaingia mzee aitwaye Halvor, fundi mkubwa wa fidla ya kwao, akachomoa waya ukutani, ukumbi mzima ukanyamaza. Mzee akasema wimbo ule ni wa marehemu mjomba wake na hakuruhusu uchemshwe. Nadhir ndiye aliyemtuliza. Siku ya pili mzee alimwita nyumbani kumwonyesha fidla isiyohitaji waya: imepambwa kwa magamba ya chaza, na chini ya nyuzi zake nne zimelala nyuzi nyingine ambazo hakuna anayezigusa, lakini za juu zikipigwa, za chini huitika zenyewe.

Mahfoudha akavuta pumzi kwa nguvu. Alikuwa mtoto wa taarabu yule mama, na miaka kumi na tano Ibra haijamtoa fidla masikioni.

"Na hakunifunza wimbo hata mmoja," Nadhir alisema, "kabla ya kunitajia alipoupata. Huu nimepewa na mjomba, yeye alipewa na shangazi yake, shangazi alipewa na msaga ngano wa kijiji. Ndipo anapiga. Kwao mtu akipiga wimbo asiseme kaupata kwa nani, huonekana mwizi."

Kikombe cha kahawa cha Ami Khelef kilisimama njiani. "Wana sanadi?"

"Wanayo, ami. Mpaka wale vijana wa magitaa siku hizi wanataja, kwa kumwogopa Halvor."

Mzee akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Alikuwa mtu wa vitabu, na mnyororo wa watu wanaopokezana jambo kwa uaminifu ulimgusa hata ukitokea kwenye fidla. Kwa muda wa kumeza funda moja Badriya aliamini kwamba mambo yamekwisha. Mkono wake ulikuwa umeushika wa mama yake na hakujua tangu lini.

Kisha Ami Khelef akaweka kikombe chini. "Tuliache hilo. Huyu bibi ni nani?"

"Gudruni. Mjukuu wa Halvor."

"Mkeo?"

"Hapana."

"Sikiliza, mwanangu. Akiwa mkeo, una mke. Asipokuwa mkeo, umesimama mbele ya watu, mkono wake begani kwako na wako siuoni uko wapi. La kwanza ni halali linalonizuia, la pili ni aibu inayonizuia. Nipite wapi?"

Nadhir alisema kwao ni ngoma tu, watoto na wakwe na wazee hucheza hivyo. Ami Khelef alimwacha amalize. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna nyuma ya pazia aliyelitarajia. Alishusha sauti, akamfungulia mwenyewe njia ya kutokea.

"Kuoa ughaibuni ukaacha, hutakuwa wa kwanza. Mimi mwenyewe nimeacha mmoja Mkunazini, kule Unguja, Mungu amjaalie kheri. Sema ulimuoa, mkaachana, kila mtu kwao. Hilo nitalipokea, na ukoo utalipokea, na picha nitaichoma kwa mkono wangu."

Bimdogo aliitikia kwa kichwa mpaka bangili zikatoroka zikalia. Sema, alikuwa akinong'ona, sema, baba, sema. Badriya naye, Mungu amsamehe, alikuwa akiomba vivyo hivyo. Neno moja. Alimtazama kwa ule upenyo kwa nguvu zake zote, kama mtu anayesukuma gari lililozimika.

Nadhir aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Sikumuoa, ami. Siwezi kumwacha mke nisiyekuwa naye."

"Basi tumemaliza," alisema Ami Khelef, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Hapo ndipo Mahfoudha alipopaza sauti nyuma ya pazia. Alimwambia shemejiye kwamba hampingi, ila amkumbushe Unguja, na dirisha la klabu ya taarabu, na kijana mmoja muuza nguo aliyekuwa akikaa chini ya dirisha hilo kila Alkhamisi akijifanya anafunga kamba ya kiatu, na yeye siku hizo alikuwa akivaa ndara. Mahfoudha akaendelea kwa adabu kwamba haombi makubwa, anaomba watoto waseme la mwisho, na yeye mwenyewe atakuwapo.

Ami Khelef alikohoa. Akasema muda wa kikombe kimoja.

Wakakutana kwenye ukumbi mwembamba unaoelekea ghala ya tende. Mahfoudha alikaa juu ya gunia, mgongo kwao, akichagua mchele uliokwisha kuchaguliwa jana. Badriya alisimama hatua tatu mbali, ushungi umekazwa, na maneno matamu yote aliyoyaweka kwa miezi minane yakamtoka akilini. Iliyobaki ni ghadhabu.

"Neno moja, Nadhir. Amekupa yeye mwenyewe, amekuwekea mdomoni kama tende. Ungelimeza tu."

"Lilikuwa uongo."

"Najua lilikuwa uongo. Ungelimdhuru nani? Huyo Gudruni yuko kwenye barafu yake huko, hata hangelisikia."

"Ungelisikia wewe. Kila siku ukinitazama ungelimwona mtu aliyemzulia mwanamke talaka ili apate mke. Ungeliishi na mwongo."

"Ningelimzoea mwongo," alisema Badriya. "Musallam nitamzoeaje?"

Mchele ulisikika ukianguka kwenye sinia, punje mbili, punje tatu. Jasho lilikuwa limemtoka Nadhir kwenye paji la uso, na Badriya alichukia kwamba hata sasa, hata kwa hasira hizi, mkono wake ulitaka kuinuka kulifuta.

"Nikuulize lililo langu mimi," alisema. "Wao wanatazama fedha na kisu. Mimi nimetazama macho yako. Nimeitazama picha ile siku tatu, na mkono ule sikuuona hata kidogo, nimeona macho. Unamtazama vipi yule mwanamke?"

"Badriya."

"Ulimpenda?"

Mtu mwenye akili angelisema hapana. Nadhir alikuwa ameshakataa kuwa mtu mwenye akili mara moja siku ile, na inaonekana alikwisha kuzoea.

"Katika ngoma, ndiyo. Mapigo ya ngoma ile hayalingani. Usipomtazama mwenzio machoni hujui mguu unashuka wapi. Huwezi kuicheza na mtu usiyempenda kwa muda ule. Lakini fidla ikinyamaza mnaachana mikono, kila mtu anakwenda kunywa maji. Niliachana naye hivyo mara nyingi, na sikuumia." Akainua macho. "Wewe nilikuona darasani, hapana fidla wala ngoma, nimeshika waya. Mpaka leo sijajua maji yako wapi."

Badriya akatazama pembeni. "Hayo umeyatunga."

"Tangu nilipopita Bidbid. Nimeyasema njia nzima peke yangu garini, na yalikuwa mazuri zaidi."

Bega la Mahfoudha, kule juu ya gunia, likatikisika kidogo.

Badriya hakucheka. Alitaka kucheka, na kutaka huko kukamzidishia hasira, kwa kuwa haikuwa haki mtu akuvunjie nyumba yako asubuhi na jioni akufanye utabasamu. Alimwambia kwamba yeye, Nadhir, amechagua kuwa msafi, na usafi wake huo ndio utakaompeleka Badriya Sinaw kwenye mbuzi. Alimwambia kwamba kweli ni kitu kizuri kwa mtu anayeweza kupanda gari lake akaondoka. Yeye haondoki. Yeye atabaki hapa hapa na ile kweli, nyuma ya pazia.

"Basi nirudi ndani nikaseme nilimuoa?" Nadhir aliuliza, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Nitakwenda. Nikisema kwa ajili yako nitasema. Niambie."

Na hapo, Badriya alipopewa kile alichokuwa akikililia, alikuta hakitaki. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Alimtazama mtu yule, mrefu, mkaidi, amechoka, tayari kujitia doa kwa sababu yeye kasema, akajua kwamba akimwambia nenda, atakwenda, na atakayerudi hatakuwa yule aliyeshuka ngazi darasani.

"Usiende popote," alisema. "Na usinisemeshe."

Nje gari ilisimama. Milango ikafungwa, miwili, mitatu, na sauti za watu wa Sinaw zikasikika zikisalimu, zikisema kwamba leo hali ya hewa ni joto. Walikuwa wamewahi; adhana ya alasiri ilikuwa bado dakika chache. Ami Khelef akaja mpaka kwenye mlango wa ukumbi, akasimama upande wa pili, hakuingia, akakohoa ili Nadhir atoke. Nadhir akatoka akasimama uani, juani, kichwa wazi.

Katika nyumba zile mwanamwali haulizwi ili ajibu. Huulizwa ili anyamaze. Kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake, na mabinti hufunzwa kunyamaza huko tangu wadogo, macho chini, kidole kikichezea ncha ya ushungi, mpaka mjumbe ageuke aende na habari njema. Mama yake Badriya alinyamaza hivyo. Bibi yake alinyamaza hivyo. Mtu hakuhitaji kufanya lolote, ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote duniani.

"Badriya, mwanangu," alisema Ami Khelef kutoka nyuma ya mlango. "Watu wamefika. Musallam ni mtu wa dini, ana mali yake na hana maneno. Umeridhika?"

Akangoja. Mahfoudha aliacha kuchagua mchele. Badriya alisikia kimya kikijaa ukumbini, kinapanda kama maji ya falaji, mfereji wa mashambani, yakifunguliwa, kinamfika magotini, kiunoni. Bado kidogo kingelimjibia.

"Simtaki, ami."

Ami Khelef alikuwa ameuliza swali hilo kwa mabinti saba wa ukoo na hakuwahi kujibiwa. Ni wazi hakujua mtu akijibiwa afanye nini.

"Sijasikia vizuri," alisema mwishowe, na huenda alikuwa akimpa nafasi.

"Musallam simtaki. Namheshimu, Mungu ampe mke mwema, lakini simtaki."

"Na huyu mwingine?" Sauti ya mzee ilikuwa imepanda, ikataka kuwa kali, ikashindwa. "Huyu wa fidla, aliyeletewa njia akaikataa kwa ulimi wake mwenyewe? Huyu unamtaka?"

Kwa mlango wa uani Badriya alimwona Nadhir amesimama juani, hasogei, anasikia kila neno.

"Huyu nimemkasirikia, ami," alisema. "Musallam hata kumkasirikia siwezi."

Adhana ikaanza. Ami Khelef alisimama akaisikiliza mpaka mwisho, kama inavyopasa, akaitikia maneno yake taratibu. Halafu akageuka. Walimsikia akivuta ndara zake kuelekea majlis, kwenda kuwaambia watu wa Sinaw jambo ambalo katika umri wake wote hakuwahi kufunzwa maneno yake.